Chuma cha Msumari Kilitoka Wapi?

Wanafunzi wapenzi, mwaka huu mmoja wenu alitushikia msumari wa dawati akauliza chuma chake kilitoka wapi. Tuliahidi kumjibu kwa maandishi.

Chuma kilipikwa katika nyota zilizokufa kabla ya jua letu kuwako, kikatupwa nje kikiwa mvuke wa moto. Wengi walidhani kwamba mvuke huo ukipoa, atomu hushikana mara moja zikawa vumbi. Kulijaribu jambo hilo hapa ardhini ni taabu, kwani hewa ya moto hupanda na ya baridi hushuka, basi mvuke haupoi sawasawa. Atazamaye moshi wa jiko la kuni ameshaliona hilo.

Mwezi wa Desemba 2012, Yuki Kimura na wenzake wa Japani walirusha roketi iitwayo S-520-28. Huko juu, kwa dakika chache ambazo uzito hausikiki, walichemsha chuma kikawa mvuke, wakautazama ukipoa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: atomu za chuma zikigongana mara laki moja, zinazoshikana ni chache tu! Kwa hiyo vumbi la chuma tupu ni adimu angani. Kingi huenda kimeambatana na chembe za vitu vingine.

Wako wazazi wanaotuambia kuwa maswali haya hayana nafasi madrasani. Kwa heshima zote, hatukubaliani nao. Mwenye msumari aje na la pili.