Sahihi Katika Daftari

Ndugu msomaji, yawezekana hujapata kuiona ngano ikiwa shambani, ingawa mkate wake ulikuwa mezani pako asubuhi ya leo. Mimi nimeishi nayo miaka mingi, na siku nyingi nimetamani kukusimulia habari ya waya mmoja, ambao urefu wake haukupata hatua mbili, ulionifunza uzito wa sahihi ya mtu.

Ufundi wa umeme niliuanzia katika meli za Ziwa Viktoria, huko Mwanza. Mwaka 1979 nikahamia nyanda za Basotu, wilayani Hanang, ambako tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilikuwa ikilima mashamba makubwa ya ngano. Kabla ya hapo nyika ile ilikuwa malisho ya ng'ombe wa Wabarbaig. Siku hizo tulihesabiwa katika Mkoa wa Arusha. Mkoa wa Manyara ulikuja kuundwa mwaka 2002. Hata huko nilijiona ningali ziwani, kwani ngano iliyoiva ikipigwa na upepo hufanya mawimbi, na mashine za kuvunia hupita juu yake zikifuatana kama msafara wa meli. Shamba nililolitumikia, ambalo jina lake nalihifadhi, lilinikabidhi mashine 11.

Kila jioni ya mavuno tulipima betri, tukaongeza maji yake, tukakaza mikanda ya altaneta, tukafuta makapi yaliyoganda juu ya nyaya. Kisha niliandika katika daftari namba ya kila mashine na kutia sahihi kwamba imekaguliwa.

Hapana budi nikueleze jambo moja la ufundi. Katika meli nyingi umeme hupita katika waya mmoja na kurudi katika waya mwingine, wala hautumii mwili wa chombo. Trekta na mashine ya kuvunia hazifanyi hivyo. Chuma chenyewe ndicho njia ya kurudi. Waya uliochubuka ukikigusa chuma hicho, cheche huruka papo hapo. Tena ule waya mnene utokao kwenye betri kwenda kwenye stata kwa kawaida hauna fyuzi ya kuukata.

Jioni moja ya mwaka 1982, saa mbili usiku, msaidizi wangu, kijana wa Kiiraqw kutoka Dongobesh, Mbulu, alinijia.

"Fundi, waya wa stata wa mashine ya saba unasuguana na chuma. Ngozi yake imechubuka."

Nilikuwa nimechoka. "Tutaufunga kesho," nikamjibu. Nikatia sahihi zote 11, nikaenda zangu kulala. Alfajiri mashine zikatoka kabla sijafika karakana.

Saa saba mchana tuliona moshi. Cheche ilikuwa imeangukia makapi makavu, na upepo ukafanya yaliyosalia. Dereva aliruka, lakini mikono yake iliungua. Matrekta yakalima haraka ukanda wa udongo mtupu ili kuuzuia moto, na wa kwanza kutufikia kwa matawi mabichi mikononi walikuwa wachungaji wa Kibarbaig, watu ambao hawakuwa na sababu ya kuipenda ngano ile. Mashine iliteketea pamoja na ekari kadhaa.

Jioni meneja akauliza ni nani aliyeikagua mashine ya saba. Daftari lilisema imekaguliwa. Macho yote yakamwendea kijana, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akipita chini ya mashine. Hakusema neno, alinitazama tu. Nami, ndugu msomaji, nilinyamaza. Akaambiwa asubuhi afike ofisini kuchukua barua yake.

Nyumbani mke wangu akaniuliza, "Baba Neema, mbona chakula hukigusi?"

Nikamweleza yote. Hakunikemea. Aliondoa sahani, akasema, "Huyo naye ana mama yake Dongobesh."

Sikupata usingizi. Asubuhi nilimtangulia kijana ofisini, nikasema yale niliyopaswa kuyasema jana yake. Niliondolewa uongozi wa karakana, nikakatwa mshahara miezi sita. Watoto wetu walikunywa chai kavu mwaka ule, na mama yao hakuwaficha sababu. Kijana alibaki kazini. Hakunishukuru, wala sikustahili shukrani. Alisema tu, "Shikamoo, Fundi," tukaenda kukagua nyaya za mashine 10 zilizobaki. Dereva yule alirudi kazini baada ya muda, lakini vidole vyake viwili havikukunjika tena.

Tangu siku ile sikutia sahihi mahali ambapo jicho langu halijafika, na kila aliyenijia na neno "umechubuka" nilimfuata na tochi saa hiyohiyo.

Waama, nawe unalo daftari lako: ripoti ya mwanao uitiayo sahihi bila kuisoma, waya wa pasi uliofungwa kwa kitambaa, mlango wa kiwanda uliouandika kuwa umefungwa. Usiku wa leo, kabla ya kusema "kesho", inuka ukatazame.