Mama na Mtoto, Sehemu ya 11: Nani Alimchekesha?

Baba unayesoma kwenye simu ya mama, karibu pia, kuna ya kwako humu.

Leo tupumzike kidogo na homa, vipele na mtoto kukataa ziwa. Tuongelee sherehe. Si arobaini wala siku ya kuzaliwa. Ni sherehe ya kitu kidogo kabisa, kinachukua sekunde chache halafu kimepita: kicheko cha kwanza cha mtoto.

Huko Marekani, kwenye majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah, wanaishi watu wa asili wanaoitwa Wanavajo. Wenyewe wanajiita Diné. Kwao, mtoto mchanga akicheka kwa sauti mara ya kwanza, familia inakusanyika. Imani yao ni kwamba mtoto akizaliwa, bado yuko upande wa Watakatifu wao. Siku anayocheka ndiyo anaonyesha yuko tayari kuwa mtu kati ya watu.

Sasa sikia utamu wake: anayeandaa sherehe ni yule aliyemchekesha! Awe shangazi, kaka mtu, au jirani aliyekuja kuazima sufuria. Hebu fikiria ingekuwa kwetu. Mjomba mwenye mkono mgumu angeona mtoto anaanza kukenua, si angetoka nje mbio?

Siku yenyewe, mtoto ndiye mwenyeji. Wageni wanapita mmoja mmoja, na mtoto anasaidiwa mkono awagawie chumvi ya asili, pamoja na chakula na zawadi ndogondogo. Nia yake ni aanze maisha kwa kutoa, asije akakua mchoyo.

Kwa macho ya nesi, hicho kicheko kimebeba mengi. Chukua kadi ya kliniki tufuatane. Wiki za mwanzo mtoto anatabasamu usingizini, na bibi anakwambia anacheza na malaika. Hilo linakuja lenyewe, halijibu chochote. Kati ya wiki ya 6 na ya 8, anaanza kutabasamu akikuangalia wewe usoni. Yaani unapompeleka chanjo ya wiki ya 6, na tabasamu liko njiani. Kicheko cha sauti kinakuja mwezi wa 3 hadi wa 4, jirani na chanjo ya wiki ya 14. Ili acheke inabidi aone uso wako, asikie sauti yako, ashangae kidogo, na bado ajisikie salama. Vyote hivyo kwa pamoja, kichwani mwa mtu ambaye shingo ndiyo kwanza inakaza!

Sasa angalia kalenda, maana hapa ndipo nilipotaka tufike. Mwezi wa 3, arobaini imeshapita. Waliokuletea uji na supu ya pweza wamerudi kwao. Mama yako mzazi amepanda basi. Kama umeajiriwa hapa Tanzania, likizo yako ya uzazi ni siku 84, au 100 kama ni mapacha. Siku 84 ni wiki 12 kamili. Baba naye siku zake 3 zilikwisha zamani. Nyumba inakuwa kimya, na ndani ya huo ukimya ndimo mtoto anapoanza kucheka. Wenzetu wanajaza watu nyumbani miezi ileile ambayo sisi tunamwachia mama peke yake.

Na huo upweke sio mchezo. Kliniki tunaona mtoto uzito unapanda vizuri, mashavu yamejaa, lakini mama mwenyewe macho yamezama. Sonona baada ya kujifungua haiji wiki za mwanzo tu, inaweza kuanza wakati wowote ndani ya mwaka wa kwanza. Ukiona unalia bila kujua kwa nini, usingizi hauji hata mtoto akilala, au mtoto anacheka na wewe husikii furaha yoyote, na hali hiyo imefika wiki mbili, tuambie. Si uvivu, si kukosa shukrani, na hujalogwa. Ni ugonjwa na unatibika. Ukifika kwenye chanjo sema tu, "Nesi, na mimi siko sawa." Na kama yanakujia mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje tarehe ya kliniki. Mwambie mtu wa karibu sasa hivi, akupeleke kituo cha afya leo.

Mama uliyerudi kazini, najua lipo linalokuuma: kicheko cha kwanza kimetokea kwa dada wa nyumbani, wewe uko kwenye daladala. Usimnunie dada. Mtoto anayemchekea dada amepata mtu wa pili wa kumwamini wakati haupo. Mshukuru, tena kwa jina lake. Kwa Wanavajo angekuwa mtu wa heshima siku hiyo.

Vipi kama mtoto wako bado? Watoto wanapishana, usimlinganishe na wa jirani. Ila akifikisha miezi 3 na hajakutabasamia, au hafuatishi uso wako kwa macho, au hashtuki kwa sauti kubwa, mlete tumwangalie. Kama ni njiti, hesabu kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa: aliyewahi kwa miezi 2, akiwa na miezi 4 mpime kama wa miezi 2. Na mtoto wa umri wowote aliyekuwa anacheka halafu akaacha, huyo mlete haraka.

Sikuambii tuchukue mila ya watu tuifanye yetu. Chai na mihogo ya kuchemsha vinatosha, cha muhimu mlango ufunguliwe na watu waingie. Mpigie shoga yako, mwambie "mtoto kacheka, njoo." Lakini jamani, mambo mawili. Chumvi ya wenzetu wanapewa wageni, kwa hiyo wako asilambishwe chumvi, chai wala uji. Mpaka miezi 6 ni maziwa ya mama tu. Na kumchekesha sio kumrusha juu wala kumtikisa, hata kama baba anaona raha. Kutikiswa kunaweza kumuumiza ubongo. Sogeza uso, mwongeleshe, jifiche nyuma ya kanga halafu utokee. Akigeuza uso pembeni, amechoka, mwache.

Halafu chukua kalamu, uandike kwenye daftari au nyuma ya kalenda ya ukutani: tarehe, na jina la aliyemchekesha. Meno utayaona kila siku. Kicheko cha kwanza kikipita kimepita.

Haya, niambie hapa chini: kwenu alikuwa nani, na alifanya nini mpaka mtoto akacheka? Na kama kuna mama unamjua, arobaini yake imepita na hujamsikia siku nyingi, leo usimtumie ujumbe. Nenda kwake.

Sehemu ya 12 tutaongea kuhusu usingizi, wa mtoto na wa kwako.