Shangazi Aligoma Kuhama

Kila ukoo una mtu mmoja ambaye akipiga simu unapokea hata kama uko kwenye kikao na bosi. Kwetu alikuwa shangazi yangu wa Bariadi. Alifariki mwaka 2022 akiwa na miaka 88, usingizini, kitandani kwake, ndani ya nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi. Mgeni atasema sawa, bibi amekula chumvi nyingi, apumzike. Wenyeji wa Simiyu wanajua kwamba mwanamke mjane, asiye na mtoto hai, kufika umri ule na kufa kitandani si jambo dogo.

Alizaliwa upande wa Mara mwaka 1934, mwaka uleule ambao Elam Stauffer na John Mosemann, wamisionari wa Kimennonite kutoka Marekani, walifungua kituo Shirati. Babu yangu akabatizwa, na nyumba nzima ikafuata. Kama hujawahi kukutana na Wamennonite, ni watu waliopewa jina la Menno Simons, padri wa Uholanzi aliyeacha upadri mwaka 1536. Kwa asili yao hawashiki silaha, hata vita vikija. Na kwenye Meza ya Bwana huoshana miguu, wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume. Shangazi alikuwa na beseni lake la bati la kazi hiyo tu. Ole wako ulitumie kulowekea soksi!

Mwaka 1961 aliolewa na karani wa pamba wa Bariadi. Ndiyo enzi za Victoria Federation, muungano wa vyama vya ushirika uliojengwa na kina Paul Bomani, na karani wa mizani alikuwa mtu mkubwa. Shangazi alifika akiwa haongei Kisukuma hata neno. Mpaka anazeeka watoto wa mtaa mzima walikuwa wakipita kwake asubuhi, "Mwangaluka, mayu!", naye anawagawia michembe. Alibadilisha mkoa bila kuhama nyumba: alikuta Jimbo la Ziwa, ikawa Shinyanga, na mwaka 2012 ikawa Simiyu. Wamennonite pale walikuwa wa kuhesabika, maana wengi ni Wakatoliki na AIC, kanisa ambalo mizizi yake iko palepale Nassa tangu 1909. Jumapili alisali na AIC, lakini Meza ya Bwana alipanda basi na beseni lake mpaka Musoma.

Ukutani alikuwa na kalenda ya zamani yenye picha ya mashamba ya Kansas, ambako Wamennonite waliotoka Urusi walihamia kuanzia mwaka 1874 kulima ngano. Ardhi tambarare, mti mmoja mmoja, mbingu kubwa. "Hapo ni Bariadi," alikuwa akisema, "wameongeza baridi tu."

Sasa hiyo miti michache ndiyo chanzo cha habari yenyewe. Mbuga za Usukuma zilifyekwa kwa ajili ya pamba, mifugo na kuwafukuza mbung'o. Kuni zikaadimika. Kina mama wakapikia vijiti vya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha, miaka hamsini. Macho yanakuwa mekundu. Halafu mtoto wa jirani anafariki, mtu anaenda kupiga ramli, na mganga anasema tafuteni bibi mwenye macho mekundu. Atakosekana vipi?

Si hadithi za vijiweni hizi. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya watuhumiwa waliofia mikononi mwa dola huko Shinyanga, katika operesheni iliyohusu mauaji ya ushirikina. Ripoti ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu ya mwaka 2013 ilitaja watu 765 waliouawa nchini kwa tuhuma za uchawi, 505 kati yao wanawake. Mwaka 2009 serikali iliwafutia waganga leseni, lakini ramli lini iliwahi kusubiri leseni?

Kwetu ilikuwa 2011. Mimi na mume wangu tulikuwa Mwanza, ndoa ina miaka miwili. Kijana wa jirani akanipigia kwa sauti ya chini: "Dada, njoo umchukue mayu. Watoto wamekatazwa kumsalimia." Mtoto wa nyumba ya tatu alikuwa amefariki kwa homa, na ramli ilikuwa imeshapigwa.

Tulifika Bariadi usiku. Shangazi akakataa kusikiliza lolote kabla hatujala ugali na nsansa, maana kwenye kicheni pati yangu alinifunda hivi: mkigombana, gombaneni mkiwa mmeshiba. Tulipomaliza, mume wangu, mtu wa Tanga asiyejua kuzunguka maneno, akasema begi lifungwe tuondoke.

"Mkwe wangu," akamjibu, "nikiondoka usiku huu, kesho watasema si tuliwaambia? Na bibi atakayefuata watamfanya nini?"

Mume wangu akaomba basi tuajiri vijana wawili wenye mapanga walale uani.

"Mimi nimelelewa na watu wasioshika silaha. Nianze leo, na miaka sabini na saba?"

"Shangazi, wenzako wanazishika!"

"Ndiyo. Hao ni wao."

Jamani, usiku ule tuligombana ndani ya gari kwa kunong'ona mpaka saa nane. Yeye alisema nikimheshimu mno nitamzika. Mimi nilisema huyu si mtoto, wala si kochi la kuhamisha, na uamuzi ni wake hata kama unanitoa jasho. Hakuna aliyemshinda mwenzake. Tulichokubaliana ni mambo tunayoyaweza: kila wiki mbili mmoja wetu aonekane Bariadi, mchana kweupe, asalimie kila nyumba. Usiombe bajeti ya mafuta. Mpango wa kiwanja tuliufunga kwa miaka mitatu.

Asubuhi yake Shangazi alijifunga kanga akaenda msibani. Akakaa mkekani na wenzake. Hakuna aliyemsogelea. Kesho yake akaenda tena, akachota maji, akaosha vyombo. Nilimwangalia nikiwa nimekaa mlangoni, moyo unadunda.

Tulimpeleka Mwanza kwenye kliniki ya macho, akatolewa mtoto wa jicho na kupewa dawa za ule wekundu. Mume wangu akanunua jiko la gesi. Shangazi aliliogopa kuliko alivyowaogopa majirani! Ikabidi mkwe amfundishe kuwasha kiberiti kwanza, kisha kufungua gesi, wote wawili wamekaa mbali kama wanaovua samaki. Baada ya miezi kadhaa macho yakawa meupe. Sitaki kukudanganya kwamba minong'ono iliisha kwa sababu ya gesi, au kwa sababu ya sisi kuonekana, au kwa sababu yake. Ilipungua tu. Siku moja watoto wawili wakapita uani. "Mwangaluka, mayu." Akaingia ndani kutafuta michembe.

Mama wa yule marehemu alichukua karibu mwaka mzima. Alikuja kuazima chumvi, akasimama nje. Shangazi akamkaribisha ndani na kumpakulia chakula. Walizungumza nini, hakuniambia, nami sikumuuliza.

Tulipomzika kaburi lilichimbwa na vijana wa mtaa ule. Ndugu wakagawana vitu. Mimi nilichukua kalenda, na jiko la gesi likaenda kwa kijana aliyepiga simu. Beseni lilikuwa limebaki uani. Mama wa nyumba ya tatu akalifuata, akauliza kama lina mwenyewe. Tukamwambia alichukue.