Uzito Una Kipimo

Wengi wakisikia kwamba katikati ya shimo jeusi kuna densiti isiyo na mwisho, hudhani na uzito wake hauna mwisho. Sivyo. Masi ya shimo jeusi hupimwa kama ya nyota yoyote. Lile la galaksi ya M87, ambalo picha yake ilitolewa Aprili 2019, lina masi ya majua bilioni 6.5 hivi. Jua letu lingegeuka shimo jeusi leo bila kupoteza kitu, lingebanwa hadi nusu kipenyo cha kilomita 3, na Dunia ingeendelea kulizunguka kwa njia ileile, gizani na kwa baridi.

Kisicho na mwisho ni mbano. Gawanya masi kwa ujazo, ujazo ukielekea sufuri, jibu linakimbia. Mwaka 1965 Roger Penrose alionyesha kwamba, kwa nadharia ya Einstein, nyota ikiporomoka kupita kiasi fulani, singulariti, yaani ule mbano usio na mwisho, haiepukiki. Wanafizikia wengi huona kwamba hapo ndipo hesabu zenyewe zinapokiri zimeshindwa.

Lakini chukua masi yote ya shimo la M87, uigawanye kwa ujazo wa tufe lote lililo ndani ya mpaka wake, ule ambao hata mwanga ukiuvuka haurudi. Unapata chini ya nusu kilo kwa kila mita ya ujazo. Hewa tunayovuta ni nzito kuliko hapo! Shimo likizidi ukubwa, wastani huo unazidi kushuka.

Tulipomzika mama, nilisema uchungu wangu hauna mwisho. Naona nilikuwa nikizungumzia densiti. Tulichopoteza kina kipimo: mtu mmoja, sauti moja, chai ya alfajiri. Kilichonielemea ni kwamba vyote vilibanwa kifuani mwangu kwa usiku mmoja. Waliokuja kukaa tanga hawakupunguza hata gramu. Walitandika mikeka, wakapika, wakabishana kuhusu mpira hadi usiku wa manane, na ule uzito ukapata pa kukaa.

Fizikia haina huruma hiyo, najua. Kilichoporomokea ndani ya shimo jeusi hakitanuliwi na wageni. Ila siku hizi nikiulizwa kama uchungu umepungua, hujibu kwamba haujapungua, umetawanyika. Wengine hudhani nakwepa swali.