Wangu!

Kwenye mpira wa wavu kuna neno moja ambalo mtoto hufundishwa siku ya kwanza. Sevisi ikivuka wavu, anayekwenda kuipokea anapaza sauti: "Wangu!" Asiposema, watu wawili watagongana vichwa, au watabaki kutazamana mpira ukianguka katikati yao. Mimi nililipaza neno hilo miaka mingi bila kulimaanisha, na ninaandika haya kwa sababu kuna mtu mmoja wa Brazil aliyenifanya nilimaanishe. Hanijui wala hatujaonana. Jina lake ni Sérgio Santos, wapenzi wa wavu wanamwita Serginho.

Nianze na mimi mwenyewe. Ni mtu wa Tanga. Nilianza shuleni, uwanja wa vumbi, mistari tumeichora kwa majivu, wavu tumeusuka wenyewe kwa kamba za katani. Kimo changu ni mita 1.72, lakini nilijaliwa kuruka. Wavu wa wanaume unafungwa mita 2.43 kutoka ardhini, na mimi kiganja changu chote kilikuwa kinapita juu yake. Nilipokwenda UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, na timu ya mkoa wakanibatiza jina la Panzi. Baadaye taasisi moja ya Dar es Salaam ikanichukua, nikapewa kazi ya ghalani ili nipate kuichezea timu yao.

Nilichokipenda kwenye mchezo ni pointi. Ule mlio wa smashi ikitua ndani ya mita tatu, watu wakasimama, ndio niliokuwa nauota usiku. Kupokea sevisi nilikuona ni kazi ya watu wasioweza kuruka. Mwalimu akipanga mazoezi ya mapokezi mimi nilikuwa na goti linaloniuma, au nilikuwa nafunga kamba za viatu.

Mwaka 2011 tulifika nusu fainali ya mashindano fulani. Seti ya tano, wenzetu 14, sisi 13. Sevisi ikaja kwangu. Nikapaza "Wangu!", nikaupokea nimesimama wima, mpira ukaniruka mikononi ukaelekea nyuma, nje ya uwanja. Seta wetu, kijana wa miaka 19, akaufukuza mpaka nyuma ya benchi, akauinua kwa mkono mmoja akiwa anaanguka. Ukarudi uwanjani, chini chini, karibu na wavu. Nikaruka, nikaupiga, ukaganda kwenye wavu. Mchezo ukaisha.

Nikamgeukia yule kijana mbele ya jukwaa zima. Sitaki kuyaandika yote niliyosema. Nilimuuliza anafanya nini kwenye timu ya wanaume. Nikaendelea tukivua viatu, nikaendelea ndani ya Coaster njia nzima mpaka mjini. Yeye alikaa siti ya dirishani akikunja bendeji ya goti lake, akiikunjua, akiikunja tena. Hakujibu neno. Wiki iliyofuata hakuja mazoezini, na ya pili hakuja. Tukasikia amerudi kwao Muheza. Hakuna aliyesema ni mimi. Lakini tukifanya mazoezi, nilikuwa naona watu wanavyonikwepa macho.

Msimu mpya ulipokaribia, mwalimu akaniita pembeni. "Mwanangu, nataka ucheze libero."

Kwa msomaji asiyejua: libero ndiye yule mwenye jezi ya rangi tofauti na wenzake. Kazi yake ni nyuma tu. Haruhusiwi kwenda kuzuia kwenye wavu, haruhusiwi kupiga mpira ulio juu ya wavu, na kwenye sheria za kimataifa hata sevisi haanzishi. Anaingia na kutoka bila kuhesabiwa kama mabadiliko ya kawaida, anapokea, anaokota, anatoka. Mtu aliyeitwa Panzi unamwambia asiruke. Nililichukua kuwa tusi. Nilivua jezi ya mazoezi palepale, nikaiweka juu ya benchi, nikaondoka. Miezi minane sikugusa mpira.

Jumapili ya tarehe 12 Agosti 2012 rafiki yangu mwenye king'amuzi aliniita nyumbani kwake Temeke tuangalie fainali ya Olimpiki ya London, Brazil na Urusi. Nilikuwa mshabiki wa Brazil kwa sababu ya Giba, mpigaji niliyemhusudu tangu ujana. Siku hiyo Giba alikuwa anamalizia safari yake, muda mwingi yuko benchi, kwa hiyo macho yangu yalikosa pa kukaa. Yakaishia kwa yule mwenye jezi ya rangi nyingine.

Brazil walichukua seti mbili za kwanza, 25-19 na 25-20. Seti ya tatu walifikia pointi ya kumaliza mchezo, mara mbili, wakaikosa. Kocha wa Urusi, Vladimir Alekno, alikuwa amemhamisha Dmitriy Muserskiy kutoka katikati kwenda kupiga upande wa kulia. Muserskiy ana mita 2.18. Mtu wa urefu ule akiruka, anapiga mpira kutoka mahali ambapo mikono ya wazuiaji haifiki. Alimaliza mchezo na pointi 31. Urusi wakashinda 29-27, 25-22, 15-9, na hizo namba nimezikariri kama namba ya simu ya mama... hapana, hata zaidi.

Wakati jahazi linazama hivyo, nilimtazama Serginho. Kila mwenzake aliporuka kupiga, yeye alikuwa ameshajikunja chini yake, magoti yameinama, mikono imetangulia, akingoja kama mpira utazuiwa na kurudi. Ukizuiwa, anauokoa, unajengwa upya. Usipozuiwa, hakuna anayejua kwamba alikuwa pale. Mpigaji akikosea, kosa lina mtu wa kuliokota. Nikakumbuka kijana mmoja anayekimbia nyuma ya benchi. Chai yangu ikapoa. Rafiki yangu akadhani ninaisikitikia Brazil.

Baada ya hapo nilianza kumfuatilia mtu huyu, na kila nilichokipata kilinigusa mahali. Alizaliwa Oktoba 1975 katika jimbo la Paraná, akakulia Pirituba, viunga vya São Paulo. Ana mita 1.84. Huku kwetu ungemwita mrefu, lakini kati ya wapigaji wa kimataifa wa siku hizi ni mfupi. Na shirikisho la kimataifa, FIVB, lilileta nafasi ya libero mwaka 1998, yeye ameshafika miaka 22. Yaani alipokuwa mtoto anajifunza wavu, nafasi iliyokuja kumpa jina duniani haikuwepo kabisa. Hakuna mtoto wa kizazi chake aliyeota kuwa libero. Mimi niliikataa nafasi hiyo kana kwamba nimepewa ufagio, na mwenzangu ameikuta ukubwani akaifanya kiti cha enzi. Bingwa wa dunia 2002, na tena 2006. Dhahabu ya Olimpiki Athens 2004. Fedha Beijing 2008. Mwaka 2009 alikuwa Mchezaji Bora wa Ligi ya Dunia, libero wa kwanza kupata heshima hiyo, tuzo ambayo kwa kawaida ilikuwa ikienda kwa watu wa pointi.

Januari 2013 nilirudi kwa mwalimu. Nilimkuta anapanga mipira kwenye neti. Nikamwamkia, nikamwambia, "Mwalimu, naomba ile jezi." Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alisema tu, "Kesho, saa kumi."

Saa kumi ya kesho yake alipanda juu ya meza upande wa pili wa wavu, akaanza kunipigia. Mipira mia mbili kila jioni, siku nne kwa wiki. Wiki ya kwanza ngozi ya mikono, kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko, ilijaa madoa mekundu kama ya harara. Nilikuwa naurusha mpira kwa mikono, kila mara, kwa sababu miaka yote nilizoea kupiga. Mwalimu akashuka mezani, akaja mpaka nilipo, akanishika viwiko akavinyoosha.

"Usiupige. Umeambiwa upokee. Mgeni akija mlangoni unampiga?"

Akanifundisha kuweka mguu mmoja mbele kidogo, kuinamisha magoti na si kiuno, kufunga mikono iwe ubao mmoja, na kumtazama bega mwanzishaji kabla hajaugusa mpira, maana bega ndilo linalosema mpira utakwenda wapi. Sevisi za wakubwa wa dunia huja kwa mwendo unaozidi kilomita 120 kwa saa, na uwanja mzima una urefu wa mita 18. Ukingoja kuuona mpira ndipo usogee, umechelewa. Mimi sikuwahi kupokea sevisi ya namna hiyo, zetu ni za kawaida, lakini kanuni ni ileile. Ilinichukua mwaka mzima. Siku niliyopokea mipira kumi mfululizo ikamfikia seta kifuani bila yeye kusogeza mguu, hakuna mtu aliyepiga makofi. Nilirudi nyumbani kwa miguu, kutoka uwanjani mpaka Buguruni, kwa furaha tu.

Kitu kimoja kilibadilika bila mimi kukipanga. Mapokezi yakiharibika, nilianza kunyoosha mkono juu na kusema "Wangu," kwa mara ya pili, baada ya pointi kupotea. Wadogo wakaanza kuniiga. Lakini kila nilipofanya hivyo nilijua kwamba kuna mpira mmoja sijausemea.

Serginho alikuwa ameiaga timu ya taifa baada ya London. Kocha Bernardinho akamrudisha, na Rio 2016 akaingia uwanjani ana miaka 40. Brazil waliyumba nyumbani kwao, wakafungwa na Marekani, wakafungwa na Italia, ikabidi waifunge Ufaransa kwenye mchezo wa mwisho wa kundi au watoke. Wakaifunga. Wakaitoa Argentina, wakaifunga Urusi seti tatu bila. Fainali, tarehe 21 Agosti, tuliiangalia timu nzima, tumebanana kwenye sebule moja usiku wa Jumapili. Italia ile ilikuwa na Ivan Zaytsev na Osmany Juantorena, watu ambao sevisi zao peke yake zinaweza kuvunja timu. Brazil walishinda 25-22, 28-26, 26-24. Ukumbi wa Maracanãzinho ulikuwa unatikisika. Serginho alilia kama mtoto, na akatajwa Mchezaji Bora wa mashindano yote ya wanaume. Mtu asiyeruhusiwa kufunga pointi ya smashi juu ya wavu! Fainali yake ya nne mfululizo ya Olimpiki, dhahabu mbili, fedha mbili.

Vijana wanarukaruka, mimi nimekaa. Nilikuwa ninahesabu. Miaka minne tangu London, miaka mitano tangu ile nusu fainali. Nikawaza, mtu ameaga, amerudi uzeeni kuupokea mpira mwingine. Mimi wangu uko Muheza, saa moja tu kutoka nyumbani kwetu, na kila sikukuu napita pale na basi nikiangalia upande wa pili.

Jumamosi iliyofuata nilishuka Muheza. Nikaulizia, nikaelekezwa. Alikuwa na duka dogo nyuma ya soko, mnene kidogo kuliko nilivyomwacha, anampimia mama mmoja sukari. Aliponiona alimaliza kupima, akafunga mfuko, akarudisha chenji. Ndipo akasema, "Karibu, kaka."

Nilikuwa nimejipanga njia nzima maneno ya kusema, yote yakanitoka. Nikasema, "Ule mpira wa nusu fainali. Ulikuwa wangu. Mimi ndiye niliyeuharibu, nikakutupia wewe. Nimekuja kuomba radhi."

Alikaa kimya. Alichukua kitambaa akafuta mizani, ingawa ilikuwa safi.

"Hebu nionyeshe ulivyoupokea," alisema.

Nilidhani ananikejeli. Lakini alikuwa ananitazama kweli, anasubiri. Nikarudi hatua moja, pale mbele ya kaunta, kati ya gunia la unga na dumu la mafuta, nikaweka mikono kama nilivyoiweka siku ile. Akainama juu ya kaunta akanigusa kiwiko cha kushoto kwa kidole.

"Hiki ulikikunja. Nilikiona kabla mpira haujakufikia. Ndiyo maana nilianza kukimbia mapema."