Maji Maangavu Si Maji Tayari

Leo nina kosa la kuungama, nalo ni kosa la mzazi. Nilimkemea mwanangu kwa jambo nililolitenda mimi mwenyewe.

Binti yangu mwenye umri wa miaka tisa alitamani kuona samaki wa baharini wakiogelea sebuleni kwetu Temeke. Fundi wa vioo akanitengenezea tangi la lita 200. Jumamosi moja tulivuka kwa pantoni hadi Kigamboni, tukateka madumu kumi ya maji ya chumvi wakati bahari inajaa. Mvuvi mmoja alitupatia vitatange watano wadogo waliokwama dimbwini maji yalipokupwa. Jioni ile ile tuliwatia tangini. Maji yalikuwa maangavu, hata punje za mchanga ungeweza kuzihesabu.

Siku ya nne wote walikuwa wamekufa.

"Umewalisha kupita kiasi!" nilifoka.

"Baba, niliwapa kidogo tu, kama ulivyoniambia," alijibu huku machozi yakimlengalenga. Sikumsikiliza.

Wiki iliyofuata nilimsimulia rafiki yangu, mwalimu wa kemia, naye akanifumbua macho. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, sumu inayounguza matamvua yao. Baharini maji ni mengi, na juu ya kila jiwe na kila punje ya mchanga huishi bakteria. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa si nyingi. Bakteria hao huongezeka polepole. Tangi jipya huhitaji kiasi cha wiki nne hadi sita, pengine zaidi, kabla halijaweza kumtunza samaki. Mimi sikulipa hata siku moja.

Tulianza upya, safari hii bila samaki. Tulipanga mawe yenye vitundu tuliyopewa na mwashi, mawe ambayo zamani za kale yalikuwa matumbawe, ili bakteria wapate makazi. Tukaweka pampu ndogo ya kuzungusha maji. Kisha tukatumbukiza kamba mmoja mbichi, aoze na kuwapa bakteria chakula. Mama watoto alilalamikia harufu, na alikuwa na haki. Maji yalipopungua kwa joto tuliongeza maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi hairuki pamoja na mvuke.

Kila Jumapili binti yangu alipima maji kwa dawa zinazobadili rangi, akaandika katika daftari lake. Amonia ilipanda, kisha ikashuka. Nitriti nayo ikafuata njia hiyo hiyo. Usiku mmoja umeme ulikatika. Bakteria nao huhitaji hewa, kwa hiyo tulipokezana kuchota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu. Katika giza lile, kikombe kikiwa mkononi mwangu, nilimwambia: "Mwanangu, samaki wale niliwaua mimi. Nisamehe." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, sasa ni zamu yangu."

Wiki ya saba, amonia na nitriti zilipokuwa hazionekani tena, tulibadilisha sehemu ya maji ili kupunguza nitrati. Ndipo tulipoweka samaki mmoja. Nilitaka kuongeza wa pili siku hiyo hiyo. Binti yangu alifungua daftari lake, akaniambia tungoje tupime kwanza.

Matumbawe hai hatukuyagusa. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo vilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, na si bure. Bahari ilipopata joto kali mwaka 1998, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa. Ikiwa tangi la lita 200 linadai wiki saba, mwamba mzima unadai miaka mingapi?

Wazazi wenzangu, jambo likiharibika nyumbani, aghalabu jicho letu humwangukia aliye mdogo kuliko wote. Kabla hatujamkemea, na tuulize kwanza: je, maji tuliyomtia yalikuwa tayari?