Kampala: mama wa Masisi azunguka vilima kwa pikipiki ya umeme, huku shamba likingoja jibu kwenye simu

KAMPALA – Jumapili hiyo mama hakuzima simu yake hata wakati wa maombi. Tangu Ijumaa, shemeji yake aliyebaki upande wa Kitshanga, wilayani Masisi, alikuwa amempigia mara tatu. Kuna mtu anayetaka kununua shamba, naye anataka jibu kabla ya jua kuzama. Bei aliyoitaja ni ndogo sana kwa shamba linalotoa maharage na viazi mara mbili kwa mwaka. Lakini kodi ya chumba cha Katwe ilikuwa imechelewa miezi miwili, na mjukuu wake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya minervali.

Mtoto wa mdogo wake, kijana aliyezaliwa Walikale, alimkuta ameketi mlangoni, simu mkononi. Kijana huyo anaendesha boda-boda ya umeme. Jumapili asubuhi abiria huwa wachache.

“Mama mukubwa,” alimwambia, “umekaa Kampala miaka miwili na nusu na Kampala hujaiona. Vaa kaske, twende.”

Alisema kweli. Tangu alipovuka mpaka mwanzoni mwa 2023, vita vilipofika Kitshanga, mama huyu wa miaka zaidi ya 60 alijua mahali patatu tu: chumba chake, kanisa lake, na Old Kampala alipokwenda kuandikishwa kama mkimbizi. Huko kote alipita bondeni, kwa teksi zilizojaa, akiona migongo ya watu.

Alipopanda nyuma ya kijana, aliuliza mbona hawawashi mashine. Kijana akamwambia imeshawaka. Pikipiki ya umeme haitoi moshi wala haingurumi kama zile za petroli. Inasikika kama upepo tu, ndiyo sababu dereva lazima apige honi mara kwa mara, maana watembea kwa miguu hawaisikii ikija. Betri si mali yake. Betri ni ya kampuni: ikikaribia kwisha anakwenda kwenye kituo, anaacha ile iliyokwisha, anapewa iliyojaa na kulipa, kisha anaondoka baada ya dakika chache. Umeme wenyewe unatoka zaidi kwenye mabwawa ya mto Nili. Lile la Jinja lilifunguliwa 1954, na lile la Karuma, lenye megawati 600, lilizinduliwa 2024.

Kijana anazifahamu pikipiki tangu zamani. Kwao Walikale alikuwa akibeba watu na mizigo kwenye njia ya Mubi, na siku za mvua aliisukuma piki kwenye matope kuliko alivyoiendesha. Anakumbuka wabebaji waliotoka Bisie na magunia ya kilo 50 ya bati mgongoni, wakipita msituni hadi Njingala. Anakumbuka pia ndege ndogo zilizotua juu ya barabara ya lami pale Kilambo kuja kuchukua mzigo huo. Sasa anajua kwamba bati ndiyo inayounganisha vipande vidogo ndani ya vyombo vya umeme, na kwamba koltani kama ile ya Rubaya, kwao mama, inatiwa humohumo. Hakuna anayeweza kusema madini ya pikipiki hii yalichimbwa wapi. Lakini kila anapoifuta vumbi asubuhi, kijana huyo anasema kwa mzaha kwamba huenda anabebwa na kitu kilichowahi kubebwa na jirani yake.

Kutoka Katwe walipanda kuelekea Mengo. Mama alitazama kilima, akacheka. “Hii nayo munaita mulima?” Mtu aliyezaliwa Masisi, ambako ng'ombe wanachunga juu ya meta 2000 na ukungu unaondoka saa nne, ana haki ya kucheka. Lakini pikipiki ilivyozidi kupanda na watu wawili, tarakimu za betri mbele ya dereva zilianza kushuka. Mama akaanza kuzihesabu kwa sauti. Walipoteremka upande wa pili, tarakimu zilisimama.

“Ni kama chukudu,” alisema. “Kupanda ni jasho, kushuka ni bure.”

Marehemu mume wake alikuwa mtu wa chukudu. Aliteremsha viazi na makaa hadi Sake kwenye chukudu ya mkaratusi aliyoichonga mwenyewe, mguu mmoja ukiwa juu ya kipande cha tairi kinachofanya kazi ya breki. Pesa za chukudu ndizo zilizoongeza shamba, kipande baada ya kipande. Mama hakuwahi kumweleza kijana habari hiyo. Aliieleza hapo, kwenye mteremko, na kijana akapunguza mwendo ili asikie vizuri.

Kule Mengo ndiko lilipo jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, ndani ya ua mkubwa unaoitwa Lubiri. Barabara inayotoka hapo ni moja kwa moja hadi Bulange, lilipo bunge la ufalme. Katikati yake kuna mzunguko wa barabara wenye geti. Kabaka peke yake ndiye anayepita katikati bila kuzunguka, wengine wote wanazunguka. Kijana alizunguka. Mama aligeuza kichwa kulitazama lile geti lililofungwa, akasema: “Sisi wa kuzunguka tumezoea.”

Hapo kando ya ukuta kijana alimsimulia kile ambacho madereva wa Kampala huwasimulia wageni. Tarehe 24 Mei 1966, askari wa serikali ya Milton Obote, wakiongozwa na Idi Amin, walilivamia jumba hilo. Kabaka Edward Mutesa II, ambaye alikuwa pia rais wa kwanza wa Uganda, alitoroka, akaishi uhamishoni London hadi alipofariki 1969. Mwaka 1967 ufalme wenyewe ulifutwa.

Mama alitaka kujua jambo moja. “Mfalme naye alikimbia?”

“Alikimbia, mama mukubwa.”

“Akiacha nyumba na vyote?”

“Na vyote.”

Walipanda Namirembe ngoma ikiita watu kanisani. Kanisa kuu la Waanglikana liko juu kabisa, la matofali mekundu, na kutoka uwanjani kwake mji wote unaonekana. Lile lililokuwapo kabla yake liliteketea 1910 baada ya kupigwa na radi, na hili la sasa likawekwa wakfu 1919. Kilima cha ng'ambo ni Rubaga, penye kanisa kuu la Wakatoliki lililojengwa kuanzia 1914 hadi 1925. Upande mwingine, mbali kidogo, unaonekana msikiti wa Kibuli. Leo vilima hivi vinatazamana kwa amani. Lakini mwezi Januari 1892 watu wa Namirembe na watu wa Rubaga walipigana hapa Mengo, Waprotestanti na Wakatoliki, na bunduki ya Maxim ya Kapteni Lugard ikaamua nani ashinde. Waliofukuzwa walichukua wanawake na watoto, wakaondoka.

Mama alisimama kimya muda mrefu. Simu ililia mkononi mwake. Aliitazama, akaiacha ilie hadi ikanyamaza.

Kilima cha Old Kampala, ambako Lugard alipiga kambi yake mwezi Desemba 1890, mama alikuwa anakijua, ila upande wa ofisi tu. Alikumbuka foleni na karatasi aliyoikunja mara nne. Hakuwa amewahi kunyanyua macho. Siku hiyo aliona mnara wa msikiti mkuu wa Uganda, uliofunguliwa kwa msaada wa Libya katika miaka ya 2000. Mgeni anaruhusiwa kupanda mnara huo, lakini ngazi zake zinapita 300, na magoti ya mama yalikataa. Alikaa ukutani, akanunua karanga, akatazama akina mama wenye mafaili mikononi wakipita chini barabarani. Aliwatambua kwa namna walivyofunga vitenge. “Hawa ni wa kwetu,” alisema.

Hapo betri ilikuwa imebaki asilimia 18. Kijana alipita kwenye kituo, akabadilisha, akalipa kwa pesa alizopata Jumamosi usiku. Mama aliona noti zikitoka, hakusema kitu.

Kituo cha mwisho kilikuwa Kasubi. Juu ya kilima hiki Kabaka Mutesa I alijenga jumba lake 1882, na alipokufa akazikwa humo. Wafalme wanne wamelala hapo chini ya paa moja kubwa la nyasi linaloshuka karibu na ardhi. Ndani ya paa kuna pete 52 za matete, moja kwa kila ukoo wa Baganda. Mwaka 2001 UNESCO iliyaweka makaburi hayo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010, nyumba hiyo iliungua yote.

Mzee mmoja aliyeketi karibu na lango la Bujjabukula, akijua Kiswahili cha zamani cha jeshini, aliwaeleza yaliyofuata. Pesa hazikuwa shida peke yake. Kuezeka nyumba hiyo ni kazi ya ukoo wa Ngeye, na waliojua kufunga nyasi ipasavyo walikuwa wazee wachache. Ilibidi vijana wakae chini wafundishwe: nyasi gani, zikatwe lini, zifungweje. Ilichukua miaka 13, hadi 2023, ndipo UNESCO ikayatoa makaburi hayo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Kisha mzee akataja wafalme wanne kwa vidole. Wawili kati yao walifia mbali na kwao. Mwanga alikamatwa na Waingereza, akapelekwa Shelisheli, akafa huko 1903. Mifupa yake ilirudishwa 1910. Mutesa II, yule wa Lubiri, alirudishwa kutoka London 1971. Na ufalme uliofutwa 1967 ulirudishwa 1993.

“Miaka ile yote,” mama aliuliza, “nani alikuwa anajua mipaka ya vitu vyao?”

Mzee alijibu kwamba watu walikumbuka. Waliambiana.

Swali hilo halikuwa la historia. Shamba la mama halina cheti, kama mashamba mengi ya vijijini Masisi. Sheria ya Kongo ya 1973 inasema ardhi ni mali ya serikali. Huku kijijini mtu anashikilia neno la chefu, na majirani wanaojua mpaka unapita wapi. Majirani wa mama sasa wametawanyika: mmoja yuko Nakivale, mwingine alikuwa kambini karibu na Goma na sasa hajulikani alipo, mwingine amekufa. Mume naye hayupo. Aliyebaki akijua mpaka wote, kutoka kwenye mikaratusi mitatu hadi kwenye jiwe jeupe kando ya kijito, ni yeye. Na hakuwa amemweleza mtu.

Ilikuwa karibu saa kumi na moja. Simu ililia tena, na safari hii mama aliipokea. Alimsalimia shemeji yake vizuri, akamuuliza hali ya watoto, kisha akasema kwa Kihunde maneno machache. Kijana aliyaelewa: shamba haliuzwi kwa simu, na mwenye kulitaka angoje mwenyewe afike. Shemeji alilalamika kwa sauti iliyosikika hadi langoni, kwamba vita vinaweza kulichukua bure. Mama alimjibu kwamba vita vikilichukua, vitakuwa vimeiba. Yeye hatakuwa ameuza. Akamuaga.

Baadaye ndipo alipokaa kwenye nyasi, mikono ikimtetemeka. Kodi ilikuwa bado pale pale. Kijana akasema atafanya kazi hadi saa nne za usiku kwa wiki mbili, kodi ya mwezi mmoja itapatikana. Mama akasema ataanza kupika sombe na kuuza pale Katwe, kazi aliyoiona aibu tangu alipofika, kwa sababu kwao yeye alikuwa mtu wa kugawa chakula, si wa kukiuza. Mjukuu atakaa nyumbani wiki hiyo.

“Sasa toa simu yako,” alimwambia kijana. “Andika.”

Akaanza kutaja: mikaratusi mitatu upande wa barabara, ya kati iliwahi kupigwa na radi. Kutoka hapo unashuka hadi kijito. Jiwe jeupe. Ng'ambo ni shamba la nani, na kabla yake lilikuwa la nani. Alitaja majina ya mashahidi, walio hai na waliokufa, na wako wapi. Kijana aliandika hadi giza likaingia, akamsomea, mama akasahihisha mara mbili.

Walirudi Katwe usiku kwa mteremko, taa za vilima zote zikiwa zimewaka, na betri ikiwa imebaki nusu. Jumatatu asubuhi mama alikuwa sokoni akiulizia bei ya majani ya mihogo.